Umeme ukirudi ndipo vifaa vinapoungua: UPS, stabilaiza, inveta, kipi kinalinda nini?

Nyutro (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila umeme ukianza kusumbua swali ni lile lile: "ninunue betri gani nisikae gizani?" Haupiti muda, muulizaji huyo huyo anatafuta fundi wa TV. Nimeona tulimalize kwenye uzi mmoja, maana watu wanachanganya kazi mbili: kukilinda kifaa, na kukifanya kiendelee kuwaka. Ipo mashine inayofanya ya kwanza tu, ipo inayofanya ya pili tu, na zinazofanya zote mbili vizuri si nyingi. Kwa kifupi: stabilaiza inapandisha au kushusha volti zikae sawa, inveta inageuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na UPS ni kisanduku chenye betri kinachoshika mzigo mara tu umeme ukikatika.

Kwanza kinachoua. Umeme ukikatika tu, TV haipati shida kubwa, inazima kama ulivyoizima mwenyewe. Shughuli ipo umeme unaporudi. Friji, pampu na viyoyozi vya mtaa mzima havikuzimwa, kwa hiyo vyote vinaamka kwa sekunde ile ile. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wake wa kawaida. Volti zinaporomoka, mizigo ikitulia zinapanda, na pengine laini inazidiwa, inakatika, inarudi tena. Ndani ya dakika moja kifaa chako kimeshapigwa mara tatu.

La pili halisemwi sana, ndilo nililojipachika jina: nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, kukatika. Laini ya fezi tatu (waya tatu zenye umeme zinazotumia nyutro moja) ikipoteza nyutro, kila nyumba haipati tena volti 230 zake. Zinagawana kulingana na mizigo. Mwenye mzigo mkubwa anapata umeme hafifu, mwenye mzigo mdogo anaweza kupanda kuelekea volti 400. Ukiona taa za chumba kimoja zinafifia huku za kingine zinawaka kupita kiasi, usikae kushangaa, kashushe swichi kuu.

Sasa nenda kasome kibandiko kwenye chaja ya laptop au simu. Nyingi zimeandikwa 100–240V, 50/60Hz. Maana yake umeme mdogo hauzisumbui, hata ukishuka hadi 150 zinachaji kama kawaida. Kinachoziua ni volti kupanda na mipigo ya ghafla. Kwa hiyo kununua stabilaiza kwa ajili ya laptop ni kupoteza hela. Friji ni kinyume chake. Kompresa ikipewa volti 160 inang'ang'ana bila kuzunguka, inavuta mkondo mwingi, inachemka, waya za ndani zinaungua. Na hata volti zikiwa nzuri, kompresa iliyozimwa ghafla haitakiwi kuwashwa papo hapo, kwa sababu gesi bado ina mgandamizo upande mmoja. Inahitaji dakika tatu hadi tano itulie. Ndiyo maana kinga za friji zina kuchelewa kwa makusudi, na watu wanazirudisha dukani wakidhani ni mbovu!

Kwa hiyo kabla ya kuuliza betri, jiulize: kifaa hiki kinaumizwa na nini?

- Friji, friza, kiyoyozi: kinga yenye kuchelewa, na stabilaiza kama umeme wenu ni mdogo mara kwa mara.
- TV, king'amuzi, redio: kinga inayokata volti zikizidi au zikipungua, pamoja na ile ya kuzuia mipigo.
- Kompyuta ya mezani, seva, diski za kuhifadhia kazi: UPS, hapa hakuna mjadala. Kwenye kompyuta kinachokufa mara nyingi ni faili uliyokuwa unaiandika, na ukiwa na bahati mbaya diski nzima inagoma kusomeka.
- Ruta: nitaijibu mtu akiuliza, ina dawa yake rahisi.

Zile ekstensheni zinazoitwa za kinga nazo tuziseme. Ndani yake kuna vidonge vidogo vinavyoitwa varista, vinavyomeza mpigo wa ghafla na kuupeleka pembeni. Kila pigo linazimega kidogo, hadi siku zinakwisha na ekstensheni inabaki ekstensheni tu, umeme unapita kama kawaida. Kama ina taa ya kinga na imezima, ujue hapo hakuna ulinzi. Na bila waya wa ethi (unaokwenda ardhini) wa kweli ukutani, unapoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Dhidi ya umeme mdogo haina msaada wowote.

Karibuni.

BetriKavu

Somo zuri mkuu, lakini umeruka aina za UPS. Watu wananunua kwa kuangalia umbo.

Ya kwanza ni ya kusubiri. Muda wote inakupitishia umeme wa ukutani vile vile ulivyo, ukikatika ndipo inaruka kwenye betri. Mruko huo unachukua milisekunde kama 5 hadi 10. Pawasaplai nzuri ya kompyuta ina kapasita zinazoishikilia kwa takriban milisekunde 16, kwa hiyo haishtuki.

Ya pili ni hiyo hiyo ikiwa na stabilaiza ndani. Volti zikishuka au kupanda kiasi, inazirekebisha bila kugusa betri. Kwa nyumbani na ofisi ndogo naishauri hii, kwa sababu ile ya kwanza kwenye umeme unaoyumba inakimbilia betri kila mara na kuichosha bure.

Ya tatu ni ya onlaini. Umeme wa ukutani unageuzwa kuwa wa betri, halafu unatengenezwa upya muda wote. Hakuna mruko, ni sifuri. Inafaa seva na mashine za maabara. Kasoro zake: feni inapiga kelele, ina joto, na inakula umeme hata usipokuwa na kazi.

MgeniWaJioni

Wakuu naomba msaada. Nina UPS ya 650VA, kompyuta ya mezani na printa ya leza. Umeme ukikatika UPS inalia pii pii, taa yake inawaka, lakini kompyuta inazima hapo hapo. Sasa hii ni ulinzi gani?

FundiKimya

@MgeniWaJioni maswali matatu.
1. Kompyuta umeichomeka tundu gani? UPS nyingi zina matundu makundi mawili: moja lina betri, jingine ni kinga tu. Soma nyuma yake.
2. Printa ya leza ipo kwenye UPS hiyo hiyo?
3. Betri ina umri gani?

MgeniWaJioni

1. Nimeangalia, kompyuta ipo kwenye kundi lenye betri.
2. Ndiyo, printa ipo hapo hapo.
3. Sijawahi kubadilisha tangu niinunue, ina kama miaka minne.

Nyutro

Printa itoe leo leo. Leza ina kinu cha kuyeyushia wino kinachovuta mamia ya wati kwa mkupuo, nyingine zinapita 1000. Hakuna UPS ya 650VA itakayoibeba hiyo. Ichomeke ukutani kwenye kinga yake. Karatasi ikikwama umeme ukikatika, utaitoa na kuchapa upya, hakuna kilichoharibika.

Halafu hiyo 650VA isikudanganye. VA, yaani volti mara ampea, si wati. UPS ndogo nyingi za 650VA zinabeba wati 360 hadi 390 tu, imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko. Kompyuta yenye kadi ya michezo pamoja na skrini inaweza kuzifikia.

FundiKimya

Miaka minne? Betri imekwisha. Zile za risasi zilizofungwa maisha yake ni miaka mitatu hadi mitano kwenye nyuzi joto 20 hadi 25. Kila joto likipanda nyuzi 10 hivi, maisha yanakatika nusu. UPS ikiwa imebanwa nyuma ya kabati, usitarajie hata hiyo mitatu.

Pima hivi: zima, chomoa ukutani, fungua kifuniko cha betri, itoe nje. Weka mita ya kupimia volti. Ikiwa imejaa itasoma 12.6 hadi 12.9 bila mzigo, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Iunganishe na balbu ya taa kubwa ya gari, uache mita palepale. Betri nzima inashuka kidogo na kutulia juu ya 12 au karibu yake. Iliyokufa utaiona inateremka machoni pako: 11, 10, 9, na balbu inafifia. Iangalie na mbavu zake pia, zikiwa zimevimba usihangaike hata kupima.

Mtukutu_wa_Waya

Mimi nitatofautiana nanyi. Hizi UPS ndogo ni mapambo, dakika kumi zimekwisha. Chukua inveta, unga betri kubwa ya gari, unaangalia mpira hadi filimbi ya mwisho. Mambo ya VA na milisekunde ni ya vitabuni.

BetriKavu

@Mtukutu_wa_Waya dakika kumi zinatosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, na hiyo ndiyo kazi iliyotengenezewa. Anayetaka saa nne anahitaji inveta kweli, hapo tuko pamoja.

Kwenye betri ya gari hapana. Ile ni mkimbiaji wa mita mia: sahani zake nyembamba zimetengenezwa zitoe mamia ya ampea kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha zijazwe. Ukiinyonya hadi chini kila siku itakufa ndani ya miezi. Chukua ya kunyonywa taratibu, ya jeli au AGM (za risasi zilizofungwa, zisizo na maji ya kumwagika), au lithiamu. Na hiyo ya gari yenye maji hutoa gesi ya haidrojeni ikichajiwa. Watu wanaiweka chini ya kitanda! Inataka sehemu yenye hewa, mbali na cheche.

Milisekunde nazo si za vitabuni. Inveta nyingi zina mpangilio wa aina mbili, mmoja wa vyombo vya kawaida unaoruka kwa kama milisekunde 20, mwingine wa kompyuta kwa kama 10. Ukiiacha kwenye ule wa kwanza, balbu hutaona tofauti, kompyuta itajizima. Nimekuta watu wamelaumu mashine nzima kumbe ni namba moja tu kwenye menyu.

Zuhura_T

Jamani tuelekezeni hesabu. Nina TV ya wati 80, ruta ya wati 10 na taa tatu za wati 10. Betri ya 12V 100Ah itanipeleka saa ngapi?

Nyutro

Dada Zuhura, mzigo wako ni wati 120. Betri: volti 12 × 100Ah (ampea-saa) = 1200Wh (wati-saa) kwenye karatasi. Kama ni ya risasi usitumie zaidi ya nusu ukitaka idumu, inabaki 600. Inveta yenyewe inapoteza kama asilimia 15 njiani, unabaki na 510. Gawanya kwa 120: saa nne na robo hivi. Betri ikizeeka punguza.

Ya lithiamu ya chuma na fosfeti yenye 100Ah unaweza kuitumia asilimia 80 hadi 90, hivyo unapata saa saba na zaidi kwa Ah zile zile. Muuzaji akikwambia saa kumi, mwombe akuandikie hesabu yake.

Sasa kuna jambo mahesabu haya hayalionyeshi, nami naona ndilo linaloamua. Umeme wenu ukirudi, unakaa muda gani kabla ya kukatika tena? Betri ya risasi hupenda kuchajiwa kwa asilimia 10 hadi 20 ya ujazo wake, yaani ampea 10 hadi 20 kwa hiyo ya 100Ah. Na ile sehemu ya mwisho, kutoka asilimia 80 hadi kujaa, inakwenda kwa kusuasua. Umeme ukiwa unakuja saa tatu na kuondoka, betri haijai hata siku moja. Sahani zinaota salfeti ngumu, ujazo unasinyaa, na mwenyewe analalamika ameuziwa feki. Kwenye mazingira hayo lithiamu inashinda hata kama ni ghali zaidi, maana kubaki nusu haiidhuru na inapokea chaji haraka. Mahali umeme unapokatika mara moja moja na kurudi kwa siku nzima, betri ya risasi inatosha kabisa, usibebwe na mkumbo.

Mtukutu_wa_Waya

Hapo kwenye kutojaa nakuunga mkono. Betri zangu zote zimekwenda hivyo hivyo, kumbe.

FundiKimya

Nyongeza kwa wanaohamia lithiamu: badilisha mpangilio wa chaja. Chaja za risasi zina hatua ya kusafisha sahani inayopanda hadi volti 15 na zaidi. Lithiamu ya 12.8V inataka mwisho 14.2 hadi 14.6, na hatua hiyo izimwe kabisa. UPS ya zamani usiibandike lithiamu ovyo, isipokuwa betri imetengenezwa kwa ajili ya kubadilishana na ya risasi.

Na fyuzi jamani. Inveta ikitoa wati 1000 kutoka betri ya 12V, waya wa betri unabeba karibu ampea 100. Nimeitwa nyumba moja, fundi aliyetangulia ameweka waya wa milimita 6 za mraba, mrefu, bila fyuzi. Ganda limekuwa laini ukiligusa. Weka waya mnene, mfupi, wa milimita 25 hadi 35 za mraba, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri upande wa chanya. Mzigo ukizidi hapo, nenda 24V, ampea zinashuka nusu.

Zuhura_T

Nashukuru sana. Ruta je? Mleta uzi uliahidi.

Nyutro

Ruta nyingi zinakula volti 12, ampea 1 au 2. Kuiwashia inveta nzima ni kupandisha volti 12 za betri hadi 230, halafu adapta izishushe tena hadi 12, unapoteza njia zote mbili. Nunua UPS ndogo ya umeme wa DC, kisanduku cha ukubwa wa kiganja, kinakaa kati ya adapta na ruta. Angalia mambo matatu: volti zilingane na zilizoandikwa kwenye adapta (nyingine ni 9, nyingine 5), ampea zisipungue, na pini iwe na chanya katikati kama ya ruta yako. Ukiwa na kisanduku cha faiba ukutani kiunganishe nacho pia. Ruta ikiwaka peke yake bila hicho, utakuwa na Wi-Fi isiyo na intaneti.

Kapteni_Jenereta

Mimi UPS yangu inagoma jenereta likiwaka. Umeme wa jenereta upo, taa zinawaka, UPS inaendelea kula betri hadi inazima. Nani mkosaji?

BetriKavu

Jenereta. Dogo likipata mzigo linapunguza kasi, mzigo ukitoka linaongeza, kwa hiyo masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde) yanacheza, sasa 47Hz, dakika ijayo 53. UPS inaona umeme huo si wa kuaminika. Angalia kama ina kitufe au programu ya kupunguza ukali, zipo zinazoruhusu. Vinginevyo jenereta liwe kubwa kuliko mzigo, wengi wanashauri mara mbili ya UPS, na liache linguruma dakika chache kabla ya kulibebesha. La aina ya inveta halina tatizo hili.

FundiKimya

Na wewe Kapteni umeliunganishaje nyumbani? Usiniambie ni ule waya wenye plagi pande zote mbili.

Kapteni_Jenereta

…

FundiKimya

Nilijua. Umeme ukirudi wakati jenereta linawaka, vinakutana uso kwa uso. Na kabla haujarudi, wewe ndiye unayepeleka umeme kwenye laini anayoishika fundi wa nguzo akijua imekufa. Transfoma ile inayokushushia inaupandisha ikipelekewa kinyumenyume. Weka swichi ya kubadilishia, upande mmoja laini, upande mwingine jenereta, vyote viwili visiweze kuwa pamoja. Jenereta likae nje mbali na dirisha, moshi wake una monoksidi ya kaboni, hainuki na inaua watu usingizini.

Mwanafunzi_IT

Naongezea upande wa seva na diski za mtandao (zile zinazohifadhi faili za kompyuta zote za nyumba au ofisi). UPS bila ule waya wa USB ni nusu kazi. Waya huo unaiambia mashine "betri imebaki asilimia kadhaa", nayo inajizima kistaarabu hata kama haupo. Kwenye Linux kuna programu za NUT na apcupsd, zote za bure. Diski nyingi za mtandao zinakuja na uwezo huo tayari, unachomeka tu. Weka ijizime betri ikibaki kama asilimia 30, usisubiri 5, kwa sababu betri iliyozeeka hukatika ghafla kutoka 20.

Zuhura_T

Radi je? UPS inazuia?

Nyutro

Radi ikipiga karibu, chomoa. Hakuna ekstensheni wala UPS ya nyumbani ya kuitegemea hapo. Na chomoa vyote, watu wanasahau waya wa antena na ule wa mtandao unaotoka nje. TV imetolewa ukutani, antena imebaki juu ya paa, radi inapitia huko. Fanya hivyo wingu likiwa bado mbali, si mvua ikishapamba moto.

MgeniWaJioni

Narudi na majibu. Printa nimetoa. Betri nimepima na balbu: 12.7 bila mzigo, balbu ilipowaka ikashuka 10.1, baada ya muda mfupi 8.8. Ubavu mmoja umetuna, nililazimika kuivuta kwa nguvu itoke. Imeandikwa 12V 7Ah. Dukani kuna na ya 9Ah umbo lile lile, niiweke?

FundiKimya

Weka, ikiwa vipimo ni vile vile (151 kwa 65 kwa 94, milimita). Utapata dakika kadhaa za ziada, ila kuchaji kutachukua muda zaidi. Angalia vishikizo, kuna vya milimita 4.8 na vya 6.3; waya za UPS yako zikiwa za vipana, kishikizo chembamba kitalegea na kupata joto. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, betri iliyokaa dukani zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa usiichukue. Ukiifunga, iache ichaji usiku kucha kabla hujaijaribu. Ya zamani usiitupe jalalani, ina risasi na asidi. Ipeleke kwa wanaonunua betri chakavu.

MgeniWaJioni

Waya zangu ni za vipana. Kesho naifuata ya 6.3.